Mwanangu anataka kasri la kwenye katuni

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mwanangu wa darasa la sita kaona kwenye katuni kasri la kale limebomoka juu ya genge la bahari, sasa kila siku ni mama twende, mama twende. Nikamwambia hayo yako Ulaya, nauli ya huko tutauza zabibu za nani? Hivi kwetu hakuna kitu cha hivyo? Nataka nimpeleke likizo ya Juni.
Mama wa Watatu, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama usimkatishe tamaa mtoto, kipo! Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, mawe ya matumbawe na chokaa tupu, limekaa juu ya genge kabisa, bahari unaiona chini yako. Vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogelea la pembe nane, karibu miaka 700 iliyopita hiyo, wakati wengine hapa Dodoma mpaka leo tunaogea ndoo haha. Hela ilikuwepo, dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, ilikuwa inapita mikononi mwao. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika 1331 enzi za sultani huyohuyo na mji akausifia sana.

Sasa kosa la wengi: wanashuka kwenye boti, wanakutana na ngome inayoitwa Gereza palepale ufukweni, kuta ndefu, wanapiga selfi wanarudi zao. Lile siyo! Wareno ndio walianza ngome pale 1505 na sehemu kubwa unayoiona ni ya Waomani, ya juzijuzi tu ukilinganisha. Pita Msikiti Mkuu uutazame, halafu mwambie mwongozaji akupeleke Husuni, ni kutembea kidogo kuelekea mashariki, kwahiyo viatu vya kufunga na maji ya kunywa.

Njia: treni ya SGR mpaka Dar, mnalala, asubuhi basi la Kilwa Masoko. Ukipanda la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru njia panda, unatafuta usafiri mwingine. Kibali chukua Masoko kabla ya kuvuka, na vukeni asubuhi maana Juni kusi inavuma, mchana mashua inaruka kweli na nyie watu wa bara hamjazoea.

Kule ukingoni mshike mkono. Akianza mbona halina minara kama la kwenye katuni, muulize la kwenye katuni lina bwawa?