Umenyimwa alama kwenye insha? Nenda na karatasi, hasira iache nyumbani

Mwaka wa kwanza chuoni tulipewa swali: "Je, gemu za video ni sanaa? Jadili." Nilifurahi mno. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu cha mtaani, nikisubiri zamu yangu hadi giza linaingia. Nikaandika kurasa nne kwa pupa. Insha ikarudi na 9 kati ya 20, na pembeni wino mwekundu: "Mchezo ni mchezo. Sanaa iko wapi?"

Siku ileile nikaenda ofisini kwa mwalimu. Usifanye hivyo. Nilimwambia ananionea kwa kuwa yeye hachezi gemu, nikataja na alama za wenzangu. Nikatoka na 9 zangu vilevile. Ukishamwambia mwalimu anakuonea, mazungumzo yanahama kwenye insha yanahamia kwenye heshima, na huko mwanafunzi hashindi.

Nilikaa siku mbili, kisha nikaisoma insha upya, karatasi ya swali ikiwa pembeni. Nikapigia mstari kila dai lisilo na ushahidi. Yalikuwa saba. Na katika kurasa zote nne sikusema popote sanaa ni nini! "Sanaa iko wapi?", niliyoichukulia kama dharau, lilikuwa swali la haki kabisa.

Lakini aya ya tatu ilikuwa imesimama. Nilieleza kwamba mwaka 2012 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, liliingiza gemu 14 kwenye hazina yake, Pac-Man na Tetris zikiwemo. Nikamleta na mpinzani: Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani, aliyeandika mwaka 2010 kwamba gemu haziwezi kuwa sanaa, na miezi michache baadaye akakiri hakupaswa kusema hivyo bila kuzifahamu vizuri. Aya hiyo haikupata kitu, na karatasi ya swali ilisema kila hoja yenye ushahidi ina alama 3.

Nikarudi. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kuelewa aya hii moja." Akaisoma, akaisoma tena, akachukua kalamu.

Kwa kuwa alinisikiliza, nikamwomba asikilize na wimbo kwenye simu: "Baba Yetu", ambao Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Mwalimu alivua miwani, akaweka simu sikioni. Kwaya ilipopanda, midomo yake ikaanza kufuatisha taratibu. Ulipokwisha akauliza, "Sasa mbona huu haumo kwenye insha yako, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilipata 12: alama 3 za aya ya tatu, wimbo sifuri. Na alikuwa sahihi, kwa sababu anasahihisha kilichoandikwa.

Kwa hiyo chagua sehemu moja au mbili unazoweza kuzionyesha kwa kidole, zilizobaki ziache. Mwalimu akikataa na bado una hakika, mwandikie mkuu wa idara barua fupi ukiomba msahihishaji wa pili, ndani ya muda ambao chuo kimeweka. Na piga picha kila ukurasa wa insha, pamoja na ule wino mwekundu, kabla hujaikabidhi tena.