Dada, usilipe kwanza! Geuza kasha la hiyo DVD ya ngumi ya Kikorea

Kama bado hujatuma hela, acha hapo hapo. Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye daladala na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani.

Unasema unataka kumnunulia baba yako mdogo DVD orijino ya filamu ya Crying Fist kutoka Korea, kwa sababu anafundisha vijana ngumi hapo Morogoro. Muuzaji amekuhakikishia kwamba "inacheza popote", na unauliza kama bei ni halali, uchukue kasha la diski moja au mbili, na mzigo utachukua siku ngapi. Mimi nimekwama hapo kwenye "inacheza popote". Ni maneno yale yale niliyoambiwa mwaka 2014, neno kwa neno, na yalinigharimu kitu ambacho hela hairudishi.

Marehemu mzee wangu alicheza ngumi za ridhaa ujanani. Ukimkuta barazani jioni, lazima atakusimulia Titus Simba alivyoleta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na alivyopoteza fainali kwa John Conteh wa Uingereza. Siku moja nikamsimulia kuhusu hii filamu. Choi Min-sik anaigiza bondia aliyepata medali ya fedha kwenye Michezo ya Asia ya Beijing mwaka 1990, sasa madeni yamemmaliza, anasimama barabarani Seoul watu wanamlipa wampige ngumi. Upande wa pili kuna kijana mkorofi, anaigizwa na Ryoo Seung-bum, anajifunzia ngumi jela. Kaka yake wa damu, Ryoo Seung-wan, ndiye mwongozaji. Mwaka 2005 ilipata tuzo ya wahakiki kule Cannes. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Mtu wa medali ya fedha anapigwa barabarani? Hiyo niitafutie." Alikuwa haniombi kitu yule mzee. Hilo lilikuwa ombi.

Nikauliza mahali kama hapa. Akatokea jamaa mmoja mkongwe, watu wote wanamwita mkuu, akaandika kwa kujiamini kabisa: DVD ni DVD, orijino inacheza popote, feki ndizo zinasumbua. Muuzaji naye akaitikia hivyo hivyo. Diski, usafirishaji na ushuru, jumla laki na arobaini. Nikasubiri karibu miezi miwili.

Siku ilipofika nikamketisha mzee kwenye kochi, mama kakaanga karanga, majirani wawili wamekuja. Nikaweka diski. Deki ikavuta, ikazungusha, nikasikia ile sauti ya lensi ikitafuta, kre-kre-kre, ikatulia. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza kwamba kanda, yaani eneo la dunia la diski, si sahihi, basi. Nikaitoa, nikaifuta na fulana, nikairudisha. Mstari ule ule.

Ni hivi. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia kwenye kanda sita, kila kanda na namba yake. Marekani ni 1. Ulaya Magharibi, Japani, Afrika Kusini na nchi za Ghuba ni 2. Korea Kusini ni 3. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni 5. Diski ya 3 ukiiweka kwenye deki iliyofungwa 5, haichezi hata iwe orijino namna gani. Na hapa ndipo yule mkuu alipotudanganya kinyumenyume: ni orijino ndiyo inayokataa! Feki za mtaani huchomwa bila kufungwa kanda, kwa hiyo zinacheza popote. Hata leo nikikumbuka alivyoandika kwa kujiamini, damu inachemka. Kama hujui, nyamaza, waache wanaojua wajibu.

Fundi wa kwanza alichukua elfu thelathini "kuifungua" deki kwa rimoti. Zipo deki zinazofunguka hivyo, ukijua namba za siri za modeli yake. Yangu haikuwamo. Hela haikurudi.

Sasa sikiliza kosa kubwa, hili usilirudie kabisa. Nilikuwa na laptopu iliyotumika, imetoka Dubai. Kuweka diski, kikatokea kidirisha: draivu hii (ndiyo sehemu ya laptopu inayosoma diski) ipo kanda ya 2, unataka kubadilisha? Na chini yake kwa maandishi madogo: mabadiliko yaliyobaki, 4. Hayo maandishi madogo niliyaona. Sikuyatilia maanani. Nikabadilisha kuwa 3, filamu ikafunguka, nusu nilie kwa furaha. Mzee alikuwa kasafiri kwenda Korogwe kwenye msiba, nikasema akirudi tutaangalia wote. Nikabaki na 3.

Katikati hapo dada yangu akaja kutoka Muscat na katuni za watoto, orijino za huko, yaani kanda ya 2. Watoto wanalia, nikabadilisha. Zikabaki 2. Nikairudisha 3 kumwonyesha rafiki dakika kumi za mwanzo. Ikabaki 1. Jumamosi moja sikuwepo, mtoto wa dada akaweka katuni yake, kidirisha kikatokea, akabonyeza ndiyo. Sifuri.

Ikishafika sifuri draivu inajifunga moja kwa moja kwenye kanda iliyopo. Yangu ikafia kwenye 2. Nikampelekea fundi wa pili, akasema ni kupiga Windows upya tu, elfu ishirini na tano. Akapiga Windows, picha zangu za harusi zikapotea, draivu ikabaki 2. Hesabu ile haikai kwenye Windows, imeandikwa ndani ya draivu yenyewe. Fundi mwenye vifaa kila ukuta hajui hilo? Au alijua na elfu ishirini na tano ikamzidi uzito? Na msije kuniambia VLC, ile programu ya kuchezea video. Najua VLC inaruka kizuizi hicho kwenye draivu nyingi. Ya kwangu iligoma, na huwezi kujua yako itakubali au itagoma mpaka ujaribu.

Nikakata tamaa nikanunua nyingine mjini, kasha zuri, plastiki haijafunguliwa, "orijino hii bosi". Kuigeuza, upande wa chini una rangi ya zambarau. Diski ya kiwandani hung'aa fedha, ya zambarau imechomwa kwenye kompyuta ya mtu. Ikacheza, ndiyo, lakini sabtaito zake sijui zilipitia Kichina au zilipitia bahari gani, mtu anamlilia bibi yake hospitalini, chini kimeandikwa habari za tiketi. Yule muuzaji angeingia ulingoni na mzee wangu hata kwa dakika moja, ningelipa kiingilio.

Ilipofika mwaka 2016 ndipo nilipopata deki isiyofungwa kanda yoyote. Diski yangu ya kwanza, ile ya laki na arobaini, ikacheza safi. Lakini mzee kwenye miaka hiyo miwili presha ya macho ilikuwa imemla. Picha alikuwa anaiona kama kivuli, maandishi hayaoni kabisa. Filamu ya Kikorea, sabtaito za Kiingereza, na baba hawezi kusoma. Hicho ndicho nilichokipoteza kwa kutogeuza kasha.

Nikamkalia pembeni nikamtafsiria kwa mdomo, kama wale watafsiri wa vibanda vya video, mwanzo hadi mwisho, zaidi ya saa mbili, sauti ikanikauka. Kwenye pambano la mwisho alinishika mkono. Alikuwa anasikia pumzi za wale mabondia na glovu zikigonga, akawa anauliza kwa haraka, "Huyo aliyepigwa ni yule wa barabarani au yule wa jela?" Namjibu, anauliza tena. Simwambii mtu nani alishinda, baba yako mdogo ataona mwenyewe. Ila mzee hakutaka ashinde mmoja wao.

Kwa hiyo dada, geuza kasha. Mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya kasha, si ya mbele, ya mbele ina sura za waigizaji tu. Tafuta kamchoro ka tufe la dunia lenye namba katikati. Ikiwa 3, kwanza jua deki ya baba mdogo ni ya aina gani. Nyingi za Kichina za bei nafuu hazijafungwa, lakini usikubali kuambiwa, ijaribu na diski halisi ya kanda nyingine. Ikiwa ALL au 0, huna shida. Kisha tafuta neno 자막, ndiyo sabtaito kwa Kikorea. Mbele yake lazima uone 영어, ndiyo Kiingereza, lile neno lenye viduara vitatu. Kama viduara vitatu havipo, mtaangalia watu wakisema Kikorea bila kuelewa. Hata zile diski mbili, ya pili yenye mahojiano mara nyingi ni Kikorea kitupu, sabtaito hakuna.

Na uangalie kama imeandikwa NTSC, maana hiyo ni mifumo ya picha za runinga: za Korea ni NTSC na sisi huku ni PAL. Runinga bapa hazijali, ila kama baba mdogo bado ana ile ya mgongo, picha inaweza kutoka nyeusi na nyeupe. Blu-ray ndiyo usithubutu: deki ya DVD haiisomi kabisa, na huko nako Korea ni kanda A, sisi ni B.

Akikwambia "inacheza popote" bila kukupa hiyo picha, kimbia. Akikupa, iweke hapa kwenye uzi kabla hujatuma hata shilingi. Leo usiku nipo, nitakusomea.