Taa Usiyoijua Angani: Andika Kwanza, Jina Litafuata

Wewe unayeanza kurusha ndege usiku, ipo siku utaona taa usiyoweza kuieleza. Mimi nimeziona tatu. Mbili nilikuja kuzifahamu. Ya tatu mpaka leo sijui ilikuwa nini, na inaniuma kwa sababu kosa lilikuwa katika maandishi yangu.

Nilikuwa rubani msaidizi. Mimi na kapteni tuliijadili taa ile hadi tukatua. Nilipokaa kuandika, saa kadhaa zilikuwa zimepita, na sikuweza tena kutenganisha alichokiona yeye na nilichokiona mimi. Niliandika "chombo kikubwa, umbali wa kilomita kumi". Hizo kilomita kumi nilizitoa wapi? Taa moja gizani haikuonyeshi umbali wake, na usipojua umbali huwezi kujua ukubwa wala kasi. Ripoti ile haikumfaa mtu yeyote.

Kwa hiyo andika papo hapo, kila mmoja peke yake, kabla hamjaambizana. Andika saa ya UTC (saa moja ya kimataifa inayotumika katika urubani), ndege ilipokuwa, inaelekea wapi, na futi ngapi juu. Kisha pima mahali taa ilipo kutoka upeo wa macho: nyoosha mkono, ngumi yako ni kama nyuzi 10, kidole gumba kama nyuzi 2. "Ilififia kwa sekunde tano" ni jambo uliloliona. "Iliondoka kwa kasi ya ajabu" ni hukumu uliyoitoa.

Punguza taa za ndani, halafu sogeza kichwa. Kama ni mwako wa ndani unaoakisiwa na kioo, utauona unahama. Ukiikodolea macho taa moja katika giza tupu, baada ya muda itaanza kutembea hata kama imetulia tuli. Macho yetu ndivyo yalivyo, ya mgeni na ya mkongwe. Ilinganishe na nyota iliyo jirani.

Sayari ya Zuhura, inayong'aa kama taa, usiidharau. Januari 2011, juu ya Atlantiki, rubani msaidizi wa Boeing 767 iliyotoka Toronto kwenda Zurich aliamka katika usingizi mfupi, akaidhania Zuhura kuwa ndege. Muda mfupi baadaye, akiamini ndege nyingine inawajia, akaisukuma pua chini. Watu 16 waliumia. Na Januari 1948, huko Kentucky, rubani Thomas Mantell alifuata kitu king'aacho juu zaidi na zaidi bila oksijeni, ndege ikaanguka naye akafa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilikuwa puto la utafiti ambalo wakati ule lilikuwa siri. Taa yoyote ile, ndege yako ndiyo ya kwanza.

Siku hizi utakutana zaidi na setilaiti. Mwaka 2022 marubani juu ya Pasifiki waliona taa zikizunguka mahali pamoja kana kwamba zinashindana mbio. Zilikuwa setilaiti za Starlink, zile za intaneti: moja inaakisi jua lililo chini ya upeo, inawaka, inafifia, na nyingine inawaka jirani na palepale. Jicho linaziunganisha kuwa taa moja inayozunguka. Jambo hili lilithibitika kwa sababu kulikuwa na picha, saa na mahali ndege zilipokuwa, watu wakakaa wakapiga hesabu.

Lakini usidhani kila taa inaishia kwenye sayari au setilaiti. Kwa miongo kadhaa marubani walisimulia mimweko juu ya mawingu ya radi, ikielekea juu badala ya chini. Wengi hawakuaminiwa, na wengine walinyamaza wasije wakaonekana hawafai kazi. Mwanafizikia C.T.R. Wilson alikuwa ameshaeleza tangu miaka ya 1920 kwamba umeme unaweza kutokea juu ya wingu. Julai 1989, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliokuwa wanajaribu kamera ya mwanga hafifu wakainasa kwa bahati. Leo inaitwa spraiti: miali mirefu, aghalabu myekundu, kati ya kilomita 50 na 90 juu, inayodumu milisekunde chache tu. Huwa nawafikiria wale walioiona mapema wakaondoka na siri yao. Ninatamani daftari zao zingekuwapo.

Kama taa inaonekana kuhatarisha safari, mwambie mwongoza ndege mara moja, kwa maneno mafupi. Kama haihatarishi, tumia mfumo wa taarifa za usalama unaoficha jina la mtoa taarifa, ule unaopatikana unapofanyia kazi. Marekani wanao tangu 1976, unaendeshwa na NASA, shirika lao la anga, na jopo la NASA lilipendekeza mwaka 2023 utumike hata kwa taa za namna hii. Mimi hubeba kadi ndogo mfukoni yenye nafasi za saa, mwelekeo, ngumi, rangi na muda. Nafasi ya "ilikuwa nini" sikuiweka.