Skrini ya bluu kila saa? Isome kwanza kabla hujafomati

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi niko Tudor, kazi yangu kushuti na kuediti video za harusi. Kompyuta yangu ya mezani nimeiunda mwenyewe, prosesa Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, ramu vipande viwili vya GB 8, SSD ndo ina Windows halafu kuna diski kubwa ya kuwekea kazi. Ilikuwa yaenda vizuri sana, sasa kazi zilipozidi nikaona niongeze ramu, nikachukua vipande vyengine viwili vya 8 duka jengine manake vile vya kwanza vilikuwa vishaisha, kampuni tofauti lakini vimeandikwa 3200 vilevile, basi tangu hapo sina raha. Naediti kidogo tu skrini bluu, mara yaandika MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, jana imeandika PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na saa nyengine hata sifanyi kazi, nimefungua YouTube tu inakata. Nishafomati nikaweka Windows upya zaidi ya mara moja, draiva zote nishaapdeti, sasa fundi mmoja aniambia madabodi imekufa ninunue nyengine. Na video za watu ziko ndani. Nifanyeje?
Mpiga video, Tudor

JIBU: Waaleikum salam kaka. Madabodi usinunue, na kufomati acha kabisa kwa sasa. Umeandika mwenyewe kwamba shida imeanza ulipoongeza ramu, na hayo majina matatu uliyoyataja yasema hivyohivyo.

Draiva ikiwa mbovu kwa kawaida hukwambia jina lile lile kila siku. Nadhani wakumbuka tarehe 19 Julai 2024, ile apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliyoangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama, nyingi zikawa zaonyesha hiyo hiyo PAGE_FAULT yako lakini faili lililotajwa lilikuwa moja tu, csagent.sys, huku na kule. Ramu haifanyi hivyo. Ile sehemu mbovu ya ramu leo Windows yenyewe imeiweka kitu pale, kesho ni draiva ya kadi ya grafiki, keshokutwa ni kichupo cha YouTube, kwa hivyo kila ikianguka yataja jina jipya na wewe wabaki kufukuza majina. Ukiona majina ya makosa yabadilika badilika hivi, na Windows ishawekwa upya na bado, shuku ramu kabla ya kitu chochote.

Na huenda hata hakuna kipande kibovu. Hiyo 3200 iliyoandikwa kwenye stika si kasi ramu inayoamka nayo, ukiiacha bila kugusa yaamka na 2133 au 2400 au 2666 kwa volti 1.2, na hiyo 3200 ni mpaka uwashe XMP, yaani ile seti ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya ramu, kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka (madabodi nyengine huiita DOCP au A-XMP) ndo volti yapanda mpaka 1.35 na ramu yaanza kukimbia. Vipande viwili vilivyouzwa pamoja ndani ya paketi moja vilipimwa pamoja. Vyako vinne havijawahi kuonana, chipu za ndani pengine ni za kampuni mbili tofauti, hiki ni CL16 chengine CL18 (hiyo CL ni muda ramu inaochukua kujibu), ni kama kuchanganya wapiga ngoma wa vikundi viwili ambao kila kikundi ni hodari kwao lakini mapigo hayakutani. AMD wenyewe kwa hizo Ryzen za 3000 waahidi 3200 ukiweka vipande viwili, ukiweka vinne ahadi yao yashuka 2933, na ikiwa ni vile vyenye chipu pande mbili ni 2667 tu. Zaidi ya hapo ikienda ni bahati yako, isipoenda huna wa kumlaumu.

Lakini kaka kabla hujashika bisibisi, sikiza hili manake ndo lanitia wasiwasi kuliko skrini yenyewe. Ramu ikiwa haiko sawa, kila faili linalopita ndani yake laweza kuharibika kimya kimya, bila skrini ya bluu wala onyo. Wakopi video ya nikahi kutoka kwa kadi ya kamera, yaingia, ukubwa ni ule ule, wafuta kadi upate kushuti kazi ya kesho, halafu siku ya kuediti wakuta picha imechanika vipande vya kijani pale pale bwana harusi aitikia. Hiyo hairudi. Basi kadi za kamera usizifute mpaka hii shida iishe, na ukitaka kukopi tumia kompyuta ya mwenzako. Hata zile kazi ulizokopi tangu uongeze ramu, zifungue uziangalie kama kadi zake bado unazo.

Haya sasa. Washa kompyuta ukibonyeza Delete au F2 uingie bayosi, zima XMP, sevu, rudi kazini kama kawaida, editi vitu vya majaribio, fungua YouTube, iache hata usiku kucha ikirenda. Ikitulia ushajua mchawi, na una uamuzi, ama uendelee hivyo hivyo na kasi ya chini, tofauti kwa kuediti ipo lakini si ya kulilia, ama upandishe kidogo kidogo 2666 halafu 2933 uone inagoma wapi.

Isipotulia, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi kutoa umeme wa mwilini, halafu toa vile viwili vipya. Vya zamani virudishe sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa, kwenye madabodi nyingi zimeandikwa A2 na B2, usiviweke vikafuatana. Bonyeza mpaka usikie klik ya kile kidude cha kukamatia, wengi huacha upande mmoja haujaingia sawa na kompyuta yawaka vilevile.

Ukishatoa, hebu tazama yale meno ya dhahabu ya chini kwa tochi ya simu. Sisi wa huku pwani hewa yetu ina chumvi na unyevu, dirisha likiwa wazi upepo wa bahari waingia mpaka ndani ya kesi, na nimeona ramu ambazo shida yao yote ilikuwa ule utando wa kijivu kwenye meno. Sugua taratibu na raba nyeupe ya penseli, pangusa vumbi la raba, malizia na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ngoja ikauke. Ile surgical spirit ya duka la dawa usitumie, nyengine zimetiwa mafuta ya mbarika kwa ajili ya ngozi na hayo mafuta yatabaki kwenye meno yakamate vumbi.

Halafu sasa ndo kipimo chenyewe. Daunilodi MemTest86 kwenye kompyuta nyengine, ni ya bure, iweke kwenye flashi, washia kompyuta yako kutoka kwa flashi na uiache ipige duru zake zote nne, kwa GB 16 hiyo ni kazi ya masaa kwa hivyo anza ukitaka kulala. Ukiamka ukakuta mistari myekundu, hata kama ni mmoja, hiyo ramu haifai, hakuna makosa kidogo kwenye ramu. Ile ya Windows yenyewe ya kupima ramu ikikwambia kuna shida iamini, ikikwambia hakuna usiiamini sana, yapitisha vingi.

Vya zamani vikipita, vitoe, weka vipya peke yao na upime tena. Vipya vikifeli, rudisha kipande kimoja kimoja umjue nani, piga picha ile mistari myekundu, rudi dukani na risiti, mwenye duka akiona picha hiyo hana la kubishana. Vikipita viwili viwili lakini vyote vinne vikiwa pamoja vyafeli, basi hakuna kibovu, ni ndoa tu imekataa. Hapo mimi ningeuza vyote vinne, watu wa kuvinunua wako, nikachukua paketi moja ya vipande viwili vya GB 16.

Na huyo fundi wa madabodi simlaumu sana, pengine alifungua ile ripoti ya kuanguka akaona ntoskrnl.exe. Hiyo hutajwa karibu kila mara kwa sababu ndo moyo wa Windows, yeye ndo aliyekuwa kazini wakati ajali inatokea, haimaanishi ameifanya. Wengi hulikuta jina hilo wakafomati. Ukitaka kuona mwenyewe ripoti ziko C:\Windows\Minidump, programu ndogo ya bure ya BlueScreenView yazifungua. Na kama skrini yakimbia kabla hujasoma, andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha Run, ingia Advanced, halafu Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart, itasimama uipige picha.

Mwisho wa yote, ramu ikishakuwa sawa, hiyo Windows uliyoiweka juu ya ramu yenye shida huenda nayo iliingia na faili mbovu. Kuna amri mbili za kutafuta na kurekebisha hizo faili: fungua Command Prompt kama administreta, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Ikisema imeshindwa kurekebisha, hapo ndo ufomati, mara hii ya halali.

SWALI: Fundi mambo. Kompyuta ya kijana wangu tumeiunda hapa nyumbani Likoni, ina kadi ya RX 580, kila akicheza gemu dakika chache yazima pyu, hakuna skrini ya bluu wala maandishi. Yeye asema ni joto la Mombasa.
Mzazi, Likoni

JIBU: Mzee wangu, kijana hajakosea kushuku joto, hasa wakati wa kaskazi chumba kikiwa hakina upepo, lakini prosesa ikipata joto hupunguza kasi kwanza, utaona gemu lakwamakwama kabla ya kuzima. Mwambie aweke HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, aangalie namba huku acheza. Prosesa ikiwa haijafika nyuzi 90 na imezima, achaneni na joto mwende kwa pawa saplai.

RX 580 peke yake yakula wati 185, AMD walishauri saplai ya wati 500, na hizo wati 500 ziwe za kweli. Saplai nyingi zinazokuja bure na kesi zimeandikwa 500 kwenye stika, lakini soma ule msitari wa volti 12, zidisha na ampea zake upate wati za kweli, utashangaa. Ukiishika ni nyepesi kama boksi tupu, hiyo hapana. Halafu ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, mukikuta Kernel-Power namba 41 na ndani yake BugcheckCode ni 0, mara nyingi maana yake Windows haikuanguka, ilinyimwa umeme. Azimeni saplai nzuri kwa jirani mujaribu kabla ya kununua. Hiyo ya zamani musiifungue kwa hali yoyote, kapasita zake hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa, na mtoto asiguse.

Na stima ikiwa yapanda na kushuka huko kwenu, UPS (ile betri ya kushika umeme ukikatika) ni muhimu, lakini ile ndogo ya VA 650 yatoa kama wati 360 na hapo itapiga kelele na kuzima gemu likianza. Tafuteni ya VA 1000 na zaidi.

SWALI: Fundi, juzi skrini yangu imekuwa nyeusi na maandishi badala ya bluu, na siku nyengine ikatokea ya bluu ndani ya Chrome na namba ya simu nipige. Ni virusi?
Mama wa saiba, Bamburi

JIBU: Dadangu hizo ni mbili tofauti. Ile nyeusi ni ya kweli, Microsoft wameibadilisha rangi kwenye Windows 11 mwaka 2025, soma jina la kosa lake kama ulivyokuwa wasoma ya bluu. Ile ya namba ya simu ni matapeli, skrini ya kweli haina namba ya kupiga hata siku moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, funga Chrome kutoka hapo, ukiifungua tena usikubali irudishe kurasa za mwanzo. Na wateja wako wa saiba waambie pia, manake atakayepiga hiyo namba ataambiwa aweke programu ya kuwaruhusu hao matapeli waingie ndani ya kompyuta yako.