Jibu: Fataki iliyogoma kulipuka, niiwashe tena?
Ndugu, usithubutu kuiwasha tena! Utambi unaweza kuwa bado unafukuta ndani kwa ndani, ikalipuka nawe umeiinamia. Kaa mbali dakika 20, kisha imwagie maji mengi na uiloweke kwenye ndoo usiku kucha.

Na hivyo vijiti vya cheche (fataki za kushika mkononi) ulivyosema unataka kuwapa watoto, joto lake hufika nyuzi 1,000 za Selsiasi, na waya hubaki wa moto hata cheche zikishazima. Mwanangu alikanyaga mmoja kwenye majani, yuko pekupeku. Kile kilio sijakisahau. Siku hizi kila kijiti kikizima kinaingia kwenye ndoo ya maji papo hapo. Mtu akiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno usipake kabisa.