Maswali ya Meno: Vinia za kauri kwa meno ya kahawia

Shikamoo daktari. Nimekulia Usa River, Arusha. Nina miaka 27 na meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Sasa naishi Dar es Salaam na nataka kubandikwa vinia za kauri, yaani vile vipande vyembamba vinavyofunika uso wa mbele wa jino, kwenye meno sita ya juu. Ni kweli jino linasagwa? Na zinadumu?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba. Rangi hiyo imetokana na madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji, na mara nyingine kwenye magadi ya kupikia, wakati meno yako yalipokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vinavuka hapo. Usisugue kwa mkaa wala limau. Doa halitoki, enameli (tabaka gumu la nje la jino) ndiyo inayoliwa, na vinia itaihitaji enameli hiyo ili ishike.

Usianze na vinia. Kama uso wa meno ni laini, hauna vishimo, mwombe daktari ausugue kwanza kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga wa pumisi, jiwe jepesi la volkano. Hapo huondoka sehemu ya kumi ya milimita, au mbili. Kisha utumie trei ya kung'arisha yenye jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, usiku, wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo madoa meupe huenda yakaonekana zaidi, usishtuke. Wengi huridhika na kuishia hapo, tena kwa gharama ndogo. Ukibaki na vishimo au kingo zilizomeguka, vinia ina kazi. Ila subiri wiki mbili baada ya kung'arisha, kwa sababu oksijeni iliyobaki ndani ya jino huzuia gundi kukauka sawasawa.

Ndiyo, jino husagwa, na kilichosagwa hakirudi. Kwa kawaida ni milimita 0.3 hadi 0.7 upande wa mbele. Kwa meno ya kahawia daktari hushawishika kuchimba zaidi ili kauri iwe nene na kuficha rangi. Akifika kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, gundi haishiki kama inavyoshika enameli, na jino linaanza kuuma kwa maji baridi. Ndiyo maana tunasisitiza kung'arisha kwanza: jino likiwa jeupe kiasi, kauri nyembamba inatosha.

Kabla hujachomwa ganzi, dai kuonyeshwa umbo la meno mapya kwa resini ya majaribio mdomoni mwako. Cheka, tamka "fa" na "va", ujitazame kwenye mwanga wa jua. Baada ya kusaga, vipimo hupelekwa maabara nawe hukaa na vinia za muda wiki moja au mbili. Siku ya kubandika zijaribiwe kwanza kwa jeli yenye rangi ya gundi, maana kauri nyembamba huonyesha kilicho nyuma yake.

Kosa kubwa hutokea hapa. Enameli ya kawaida hupakwa asidi ya fosforiki asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Enameli yenye floraidi nyingi huikaidi asidi, kwa hiyo ikwaruzwe kidogo kwanza na asidi ikae muda mrefu zaidi. Mate au damu ya fizi ikigusa hapo, kazi inaanza upya. Basi fizi zinazotoka damu zitibiwe kabla ya yote. Vinia ikidondoka nzima, gundi ikiwa imebaki kwenye kauri na jino likiwa tupu, tatizo lilikuwa upande wa jino. Ihifadhi, usiibandike kwa gundi ya dukani.

Zikibandikwa vizuri juu ya enameli, tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya tisa kati ya kumi bado zimo mdomoni baada ya miaka 10. Mswaki na uzi wa meno ni kila siku, kwa sababu kauri haiozi, ila jino kwenye ukingo wake linaoza.

Rafiki yangu alikwenda Uturuki kuwekewa "vinia" 20. Picha zinaonyesha meno yamechongwa yakawa kama vijiti. Ni kawaida?
*Msomaji, London*

Hizo si vinia, ni mataji. Taji huzunguka jino lote na hula karibu theluthi mbili ya sehemu inayoonekana. Vinia haizidi theluthi moja, na mara nyingi hula kidogo sana. Taji lina mahali pake, kwa jino lililooza sana au lililovunjika. Jino lenye afya likichongwa hivyo, kiini chake (sehemu hai ya ndani yenye neva) kinaweza kufa baadaye na kudai tiba ya mzizi. Muulize kliniki, kwa maandishi, ni taji au vinia, na kwa kila jino.

Nasaga meno usingizini. Nifanye vinia?
*Msomaji, Nakuru*

Bado. Kauri huanza kumeguka kwenye ncha. Tengenezewa kwanza kinga ya usiku ya akriliki ngumu (aina ya plastiki) ya kuvaa juu ya meno, uizoee miezi michache, na hata baada ya vinia uendelee kuivaa kila usiku. Na usifungue soda kwa meno, tafuta kifungulio.