Kitu cha mgunga kinachowasha: ni hariri kweli?

SWALI: Wahariri habari. Nilikuwa kwa shemeji huko Mwingi, nikaona kwa matawi ya mgunga kitu ngumu kama ganda la yai, ya kijivu, ina vinywele. Nikaishika, vidole vikaniwasha hadi usiku. Shemeji anasema ni hariri na watu huuza, ni ukweli ama ananicheza? Na naweza kufuga hao wadudu kwa balkoni hapa Umoja?
Mama Kevo, Nairobi

JIBU: Mama Kevo, hajakucheza. Hicho ni kifuko cha nondo wa hariri ya porini anaitwa Gonometa postica, anaishi sehemu kavu za Kenya mpaka jangwa la Kalahari kule Botswana na Namibia, na Wasan wa huko hutia vijiwe ndani ya vifuko wakavifunga miguuni wakicheza ngoma.

Muwasho ni wa kiwavi. Mwili wake una nywele za kuchoma na akifuma kifuko anazipachika nje, kwa hivyo hata nondo akishatoka kitambo bado zinadunga, next time bandika selotepu kwa kidole uvute, usisugue. Ndani humo anaweza kukaa miezi akingoja mvua, halafu nondo akitoka hali kitu kabisa maana mdomo wake haufanyi kazi, kula kote alimaliza akiwa kiwavi, sasa ni kutafuta mwenzake, kutaga na kufa.

Chenye watu wengi hawajui ni hatari kwa mifugo. Kiangazi kikikaza ng'ombe hula vifuko pamoja na maganda ya mgunga, hariri haisagiki tumboni, inajisokota mpaka inaziba na mnyama anakufa. Kwa hivyo shemeji akiokota anasaidia pia boma lake.

Balkoni sahau. Viwavi wanataka miti, tena icipe, wale wa utafiti wa wadudu hapo Kasarani, walipofanya kazi na wakulima wa Mwingi walikuwa wanavalisha matawi neti ndio ndege na wadudu wengine wasimalize viwavi wadogo. Wewe nunua kwake vifuko vitupu, vile viko na tundu. Lazima vichemshwe gundi itoke, halafu nyuzi zisokotwe kama pamba kwa sababu tundu limeshakata uzi. Chenye hakina tundu mwambie akiache mtini, huyo bado yuko ndani.